Somo Letu: Jinsi ya Kusoma Kipimo cha Klorini



Katika kazi ya chama tumejifunza jambo moja mapema: asiyejua kusoma mizani hulipwa anachoambiwa. Ndiyo maana kila msimu wa kahawa tunawahimiza wenzetu wasimame karibu na mizani na waione sindano kwa macho yao. Leo tutasoma mizani nyingine. Haipimi kilo, inapima klorini katika maji.

Wengine watasema: klorini ni mambo ya matajiri wenye mabwawa ya kuogelea, pisini kama tunavyosema hapa kwetu, nasi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Bwawa ni la tajiri, lakini anayelisafisha ni mfanyakazi, anayemwaga dawa ni mfanyakazi, na maji yakiharibika anayeulizwa ni mfanyakazi. Tena dawa hiyo hiyo na kipimo hicho hicho ndivyo vinavyotumika katika maji ya kunywa, kambini, viwandani na mashambani. Kwa hiyo tusome pamoja, polepole, mpaka kila mmoja aelewe.

KISA CHA GITEGA

Mwenzetu mmoja alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya Gitega, na bwawa lilikuwa chini yake. Siku moja mwenye nyumba alipiga simu kutoka safarini kwamba anakuja na wageni, akasema: weka dawa nyingi, maji yang'ae. Mwenzetu akamwaga kopo tatu jioni ile. Asubuhi mwenye nyumba akafika, akatoa kisanduku cha kupimia kutoka kabatini, akapima. Maji ya kwenye kichupa yakabaki meupe kabisa. Akasema hakuna klorini hata kidogo, dawa imeuzwa sokoni. Mwenzetu akafukuzwa siku ile ile, na mshahara wa wiki mbili ukazuiwa.

Alikuja kwetu saa sita mchana. Tulikwenda naye, tukaomba kipimo kirudiwe mbele yetu, tukakiona kichupa kwa macho yetu. Cheupe. Tuseme ukweli: tulinyamaza. Tulimtazama mwenzetu kama mwizi, na badala ya kudai haki yake tukaanza kumwombea msamaha. Hilo ni kosa letu, si lake.

Jioni tulikutana na ndugu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya maji katika kambi ya wakimbizi wa Kongo huko Gasorwe, upande wa Muyinga. Tukamsimulia. Hakuuliza habari za wizi. Aliuliza swali moja tu: "Mliyapunguza maji kwanza?" Hatukuelewa. Akaeleza kwamba klorini ikizidi sana huunguza hata rangi ya kipimo, na kichupa hubaki cheupe kama vile hakuna kitu.

Kesho yake tulirudi. Tulichukua kikombe kimoja cha maji ya bwawa, tukachanganya na vikombe tisa vya maji ya chupa yasiyo na klorini, tukapima mchanganyiko ule. Rangi ya waridi ikatoka mara moja, kati ya 1.5 na 2. Kwa kuwa tuliyapunguza maji mara kumi, tukazidisha kwa kumi: bwawa lilikuwa na kati ya 15 na 20. Dawa haikuuzwa. Dawa ilikuwa imo ndani ya maji, tena nyingi kupita kiasi, na watoto wa wageni walikuwa wamekwisha vaa nguo za kuogelea.

Mwenye nyumba alilipa zile wiki mbili na mwenzetu akarudi kazini. Lakini jiulizeni: kwa nini alimwaga kopo tatu bila kupima? Kwa sababu kisanduku cha kupimia kilikuwa kimefungiwa kabatini, na ufunguo ulikuwa safarini. Yeye alipewa dawa, hakupewa kipimo. Shika neno hilo, tutalirudia mwishoni.

1. KLORINI INAFANYA KAZI GANI

Klorini huua vijidudu vinavyoleta magonjwa ya tumbo, ngozi, macho na masikio. Huko Ubelgiji, mji wa Middelkerke ulianza kutia klorini katika maji yake ya bomba mwaka 1902, na tangu wakati ule dawa hii imeenea duniani kote.

Inakuja kwa sura tatu. Kuna unga mweupe, ambao katika kila gramu 100 huwa na klorini ya gramu 65 hadi 70. Kuna vidonge vikubwa vya bwawa. Na kuna maji ya javeli, ambayo nguvu yake ni ndogo na hupungua kadiri chupa inavyokaa, hasa juani. Kwa hiyo kusema "nilitia kopo moja" hakutoshi. Kopo moja la dawa gani, yenye nguvu kiasi gani, imekaa siku ngapi?

2. MIKONO MITUPU NA MIKONO ILIYOJAA

Hapa ndipo wengi hupotea, basi tutumie mfano wa kazini. Chukua wabeba magunia kumi. Sita wamesimama mikono mitupu, wanne wana magunia begani. Lori jipya likija, watakaolipakua ni wale sita. Wale wanne wapo, ukiwahesabu utawaona, lakini hawawezi kubeba mzigo mwingine.

Klorini ni hivyo hivyo. Ile yenye mikono mitupu huitwa klorini huru. Hiyo ndiyo inayoua vijidudu upesi. Ile iliyokwisha kukutana na jasho, mkojo na uchafu wa miili huitwa klorini iliyoshikwa. Bado imo majini lakini nguvu yake ni ndogo sana. Ukizijumlisha zote mbili unapata klorini jumla.

Mtu akikuambia "klorini ni 2", muulize: huru au jumla? Bila jibu hilo namba yake haina maana.

3. KISANDUKU NA MATUMIZI YAKE

Kisanduku cha kawaida kina vichupa viwili, mstari wa rangi na vidonge vidogo vya kupimia. Kichupa kimoja ni cha klorini, kingine ni cha pH, ambayo tutaieleza mbele. Kidonge cha klorini huitwa DPD namba 1. Njia hii ilitolewa na mkemia Mwingereza A. T. Palin mwaka 1957, na mpaka leo ndiyo inayotumika sehemu nyingi. Kidonge kikiyeyuka maji hugeuka rangi ya waridi. Waridi ikikolea, klorini huru ni nyingi.

Namba inayosomwa ni miligramu kwa lita. Njia rahisi ya kuikumbuka: gramu moja ya klorini katika lita elfu moja za maji ni 1.

Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja:

Kwanza, osha kichupa kwa maji yale yale unayotaka kuyapima.

Pili, chota maji mbali na mdomo wa bomba linaloingiza maji, na uzamishe mkono mpaka kiwiko. Maji ya juu kabisa yamepigwa na jua, hayasemi habari za bwawa zima.

Tatu, kidonge usikishike kwa vidole. Kitoe kwenye karatasi yake moja kwa moja ndani ya kichupa. Jasho la mkono huharibu hesabu.

Nne, kikishayeyuka soma mara moja, katika mwanga wa mchana, ukiweka kitu cheupe nyuma. Kichupa kikikaa rangi hubadilika, na utakachosoma baadaye si kweli.

Vipo visanduku vya zamani vyenye matone yanayoleta rangi ya manjano. Hivyo husoma klorini jumla tu. Haviwezi kutenganisha waliobeba magunia na wenye mikono mitupu.

4. NAMBA ZINASEMA NINI

Kwa bwawa la nyumbani, klorini huru ya kati ya 1 na 3 ni nzuri.

Ikiwa chini ya 1, vijidudu vimeanza kupata nafasi. Usiruhusu watu waogelee mpaka uongeze dawa na upime tena.

Ikipita 3, acha kuongeza. Ikifika 5 na zaidi, watu wakae nje mpaka ishuke. Macho na ngozi huwasha, na nguo hupauka.

Ikipita 10, usikiamini tena kichupa. Rangi ya waridi yaweza kutokea na kutoweka mara moja, au isitokee kabisa.

Kwa hiyo, ndugu, sifuri ziko mbili. Kuna sifuri ya njaa, yaani dawa haimo. Na kuna sifuri ya shibe, yaani dawa imezidi mpaka imeunguza rangi. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukikosea sifuri ya shibe ukaidhania ya njaa, utamwaga dawa nyingine juu ya ile iliyozidi.

Utazitenganishaje? Kwa njia ile ya Gitega: kikombe kimoja cha maji ya bwawa, vikombe tisa vya maji yasiyo na klorini, kama maji ya mvua safi au maji yaliyochemshwa yakapoa. Pima, kisha zidisha kwa kumi. Rangi ikitoka, ilikuwa sifuri ya shibe. Isipotoka kabisa, ilikuwa ya njaa. Ipo dalili nyingine pia: klorini ikizidi sana, kile kichupa cha pH hutoa zambarau isiyofanana na rangi yoyote ya mstari wake. Siku ile Gitega zambarau hiyo tuliiona, hatukuijua.

5. HARUFU KALI

Watu husema: "Bwawa linanuka klorini, basi dawa imezidi." Mara nyingi ni kinyume. Harufu ile kali inayochoma macho ni ya klorini iliyoshikwa. Inasema kwamba jasho na mkojo vimekuwa vingi na klorini huru imezidiwa na kazi.

Ili kujua, pima mara mbili. Weka kidonge DPD namba 1, soma. Tuseme umepata 1.0, hiyo ni klorini huru. Kisha, ndani ya kichupa kile kile, ongeza kidonge DPD namba 3, ngoja dakika mbili, soma tena. Tuseme umepata 1.8, hiyo ni klorini jumla. Toa: 1.8 toa 1.0 ni 0.8. Hiyo ndiyo iliyoshikwa. Ikipita 0.4 ujue maji yamechoka.

Dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji na kuingiza mapya, na kutia klorini nyingi kwa wakati mmoja usiku, watu wakiwa nje, kisha kusubiri mpaka kipimo kirudi kati ya 1 na 3. Na kinga yake haina gharama: kila mtu aoge kwa sabuni kabla ya kuingia. Mtunza bwawa alaumiwe kwa kazi yake, asilaumiwe kwa jasho la wageni.

6. NAMBA YA PILI: pH

pH huonyesha kama maji yameelekea upande wa ndimu au upande wa magadi. Saba ni katikati. Chini ya saba ni upande wa ndimu, juu ya saba ni upande wa magadi. Kidonge chake hutoa manjano maji yakiwa upande wa ndimu na wekundu yakiwa upande wa magadi. Bwawa linatakiwa liwe kati ya 7.2 na 7.8.

Kwa nini mtunza bwawa ajali? Kwa sababu pH ndiyo inayoamua nguvu ya klorini huru. Kipimo cha waridi huhesabu wenye mikono mitupu, lakini hakisemi wangapi kati yao wana nguvu. Maji yakiwa 7.5, karibu nusu ya klorini huru huwa na nguvu kamili. Yakifika 8, ni karibu robo tu. Yakifika 8.5, ni karibu sehemu moja kwa kumi. Mabwawa mawili yanaweza kusoma 2 yote mawili, moja likawa salama na jingine likaacha vijidudu viishi. Unga wa klorini na javeli vyote huivuta pH juu. Basi anayemwaga javeli kila siku bila kutazama pH, hatimaye anamwaga dawa isiyofanya kazi.

7. JUA NA KIHIFADHI

Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jua la huko ni kali hata siku ya baridi. Mionzi ya jua huila klorini isiyo na kinga. Bwawa lililosoma 2 alfajiri linaweza kusoma karibu sifuri alasiri, na hakuna aliyeiba chochote. Kwa hiyo tia dawa jioni, pima asubuhi, na uandike saa ya kipimo. Namba isiyo na saa ni nusu ya habari.

Vidonge vikubwa vya bwawa huwa na kihifadhi kiitwacho asidi sianuriki, ambacho huikinga klorini na jua. Ni kitu kizuri, lakini hakiliwi wala hakipotei kama klorini. Hujilimbikiza. Kikizidi, huishika klorini mkono, na bwawa huweza kuota ukoga ingawa kipimo kinasoma 2. Dawa ya hapo ni kubadilisha sehemu ya maji, kuongeza vidonge hakutasaidia.

8. HESABU YA DAWA

Bwawa lina urefu wa mita 8, upana mita 4, na kina cha wastani mita 1.5. Zidisha: 8 mara 4 mara 1.5 ni mita za ujazo 48. Klorini huru inasoma 0.5, nasi tunataka 2.0. Imepungua 1.5.

Kila mita ya ujazo inataka gramu moja ili kupanda 1. Basi 48 mara 1.5 ni gramu 72 za klorini tupu. Lakini unga wetu una nguvu ya 65 kwa mia. Gawanya 72 kwa 0.65, unapata karibu gramu 110. Hiyo ndiyo dawa ya jioni ile. Ukilinganisha na kopo tatu za mwenzetu utaona jinsi jicho linavyodanganya.

9. TANGI LA MUYINGA

Sasa tutoke kwenye bwawa la tajiri twende kwenye kikombe chetu. Katika viwanda vya kuoshea kahawa huko Muyinga, msimu ukipamba moto watu hufanya kazi mchana na usiku, na wote hunywa maji ya tangi au ya bidoni. Ndugu yule wa Gasorwe alitueleza kwamba kambini walipima maji ya kunywa kwa kisanduku kile kile cha bwawa. Mkono ule ule, kidonge kile kile. Kinachobadilika ni namba.

Maji ya kunywa yanatakiwa yawe na klorini huru ya 0.5 au zaidi baada ya kukaa na dawa kwa dakika 30, na yabaki na 0.2 au zaidi mpaka mahali mtu anapochota. Shirika la Afya Duniani limeweka 5 kuwa mpaka wa juu, lakini kabla ya kufika huko watu watayakataa kwa ladha. Maji yenye 0.3 au 0.5 yana harufu kidogo, na hiyo harufu ni mlinzi.

Kumbukeni mambo matatu. Kwanza, maji yenye tope yachujwe au yatuame kabla ya kutiwa dawa, kwa sababu tope huimaliza klorini. Pili, usipime tangini tu. Pima kwenye bomba la mwisho na ndani ya bidoni. Tangi linaweza kusoma 0.6 na bidoni chafu ikasoma sifuri, na mtu hanywi tangi, anakunywa bidoni. Tatu, vidonge vikubwa vya bwawa visitiwe katika maji ya kunywa. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa.

Haya si mambo madogo. Mwezi Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Bujumbura. Kipindupindu hakiulizi kibarua wala meneja, lakini kinamkuta kwanza yule anayekunywa maji yasiyopimwa.

10. USALAMA WA ANAYEMWAGA

Klorini ikigusana na asidi hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha huko Ieper, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, ikaua askari wengi mahandakini. Usichanganye javeli na dawa ya choo, wala unga wa klorini na asidi ya kushushia pH. Kila kimoja na ndoo yake na siku yake.

Usichanganye unga na vidonge vya aina nyingine hata kama vyote vinaitwa klorini. Vinaweza kuwaka au kulipuka. Unga utiwe ndani ya maji, maji yasimwagwe juu ya unga. Kopo likae mahali pakavu penye hewa, mbali na petroli, mafuta na watoto. Vaa glavu, miwani ya kukinga macho na buti. Simama upepo ukikutoka nyuma.

Mwajiri asiseme kwamba vifaa hivi ni hisani. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema kwamba mfanyakazi anayetumia kemikali ana haki ya kujua ni kemikali gani, ina hatari gani, na ajikinge vipi.

11. DAFTARI

Sasa turudie lile neno la mwanzo. Mwenzetu alipewa dawa, hakupewa kipimo. Aliye na dawa bila kipimo anafanya kazi gizani, na siku ya kesi hana shahidi. Kwa hiyo tudai mambo mawili kila mahali palipo na bwawa au tangi. La kwanza: kisanduku kikae kwa anayemwaga dawa. La pili: liwepo daftari.

Daftari la shule linatosha. Chora safu saba: tarehe, saa, klorini huru, klorini jumla, pH, dawa iliyotiwa kwa gramu, na sahihi. Andika hata siku namba ni mbaya. Siku namba ni mbaya ndiyo siku ya kuandika zaidi, kwa sababu daftari lenye namba nzuri tupu halimdanganyi mtu. Mwenzetu wa Gitega sasa anaandika kila asubuhi, na mwenye nyumba akirudi safarini husoma daftari kabla ya kuuliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kichupa kimebaki cheupe. Utafanya nini kabla ya kuongeza dawa?

2. DPD namba 1 imesoma 0.6, na baada ya DPD namba 3 imesoma 1.7. Iliyoshikwa ni ngapi? Utamshauri nini mwenye bwawa?

3. Tangi lina lita 5,000, klorini huru ni sifuri ya njaa, na mnataka 0.5. Unga una nguvu ya 65 kwa mia. Mtatia gramu ngapi? Kwa nini baada ya dakika 30 kipimo huenda kikasoma chini ya 0.5?

4. Mahali penu pa kazi, ni nani anayemwaga dawa ya maji, na ni nani anayeshika kisanduku? Kama ni watu wawili, kwa nini?

Majibu ya hesabu: swali la 2 ni 1.1. Swali la 3 ni karibu gramu 4. Majibu mengine yatoke kwenu.

Swali la nne ndilo kubwa. Kila tawi lilijadili na kuandika majina ya mahali ambako kisanduku kimefungiwa kabatini. Tukijua mahali, tutakwenda pamoja, na safari hii hatutanyamaza mbele ya kichupa cheupe.